Mashimo Nyuma ya Jiko

Fundi cherehani alirudi kutoka kumpima bibi harusi nguo, akapitiliza moja kwa moja nyuma ya jiko. Akakuta mashimo. Brokoli zake zote zilikuwa zimeng'olewa, pamoja na mizizi. Chandarua kikuukuu alichozifunika nacho ili vipepeo wasitage kwenye majani kilikuwa kimetupwa kwenye karo.

Msimu uliopita joto lilimkomesha. Brokoli zilikimbilia kutoa maua kabla hazijafunga vichwa. Safari hii alisubiri baridi, akachanganya udongo na samadi iliyooza vizuri, akatandaza nyasi kavu shinani. Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye mashine, aligeuza jani moja moja akitafuta viwavi. Vichwa vilikuwa ndiyo kwanza vimekaza.

Mumewe, dereva wa lori, alikuwa amejinyoosha sebuleni.

"Nani kang'oa mboga zangu?"

"Mimi. Dada ana wageni, nikampelekea. Si utapanda nyingine?"

"Umeng'oa."

"Kwani zinavunwaje?"

"Zinakatwa, baba watoto. Unakata kichwa, shina unaliacha, linachipua vingine pembeni. Tungekula mpaka tuzikinai. Wewe umezing'oa kama magugu."

Mumewe akacheka puani. "Mama watoto, usinipandishe presha kwa sababu ya majani."

Fundi alijitupia mtandio. Akatoka.

Kwa wifi yake, wageni walikuwa mezani. Brokoli zilikuwa zimechemshwa mpaka zikawa rojo la manjano.

"Karibu, wifi," mwenye nyumba akasema kwa bashasha. "Kumbe kaka ni mkulima hivi? Kaniambia kazipanda mwenyewe, akirudi safari haanzi na chai, anaanza na bustani. Nimewasimulia wageni wote."

Damu ilimpanda Fundi kichwani. Kung'olewa kulimuuma, uongo huu ulimuuma zaidi.

"Kaka yako hajawahi kubeba hata ndoo moja ya maji kupeleka pale," akasema polepole. "Zilikuwa zangu. Kazing'oa mimi nikiwa kazini."

 Wifi yake akamtazama, kisha akatazama bakuli.

"Sikujua, wifi. Haki ya Mungu, sikujua."

Akachukua simu, akampigia kaka yake hapo hapo mbele ya wageni. Iliita, ikakatwa. Akapiga tena, ilikuwa imezimwa.

Fundi aliporudi nyumbani, mumewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Umeniaibisha kwa dada yangu."

"Mimi nimesema kilichotokea. Aibu umeitafuta mwenyewe."

Kesho yake mume aliondoka na lori bila chakula cha safari, maana hakuna aliyemfungia. Fundi akasia mbegu mpya kwenye trei, kisha akamwita fundi wa vyuma aweke kigeti na kufuli kwenye bustani. Ufunguo aliuvaa shingoni. Mumewe alipompigia kutoka njiani, alimjibu neno moja moja, akakata.

Dereva alirudi na gunia la samadi begani, akasimama nje ya kigeti akihema.

"Nimekuletea hii. Nifungulie basi, nikusaidie kuchimba."

Fundi akafungua, akaliburuta gunia ndani, akafunga tena kufuli.

"Samadi nimeipokea," akasema. "Wewe bado."