Viti Vilivyovaa Nailoni

Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu tangu utotoni hakujua kufunga mdomo. Sasa sauti ilikuwa imemkauka. Siku nne mfululizo alikuwa akipaza maneno ya malkia jukwaani, na siku nne mfululizo mwongozaji wa mchezo, aliyeketi safu ya mwisho, alimjibu kwamba hasikii kitu. Onyesho la kufungua ukumbi lilikuwa Ijumaa. Mwongozaji alikwisha sema: sauti isipofika nyuma kufikia kesho, umalkia atapewa mwingine.

Mtaalamu aliyeupima ukumbi ule na kuupangia sauti alikuwa mama yake Chiriku. Kwa hiyo lawama zilipoanza hakuuchunguza ukumbi, alimchunguza mtoto. Alimwambia hapumui vizuri. Alimwambia anakula ovyo. Jana yake, mbele ya waigizaji wenzake, alimwambia ukumbi hauna kasoro, ila uvivu wa mazoezi hauna dawa. Wenzake wakacheka.

Leo mama huyo alikuwa ofisini, akitafuta picha ya kuweka kwenye ripoti. Akaipata ya siku ya vipimo: yeye katikati ya ukumbi mtupu, kipimo cha sauti mkononi, na nyuma yake viti mia sita, vyote vingali vimefungwa nailoni za kiwandani.

Akaisogeza picha karibu na macho. Kiti cha sponji hunywa sauti. Kikivikwa nailoni, huirudisha. Siku ile ukumbi ulivuma kama pipa tupu, naye bila kujiuliza akaamuru dari na kuta za nyuma zifunikwe kwa magodoro mazito ya pamba. Baadaye nailoni zikavuliwa. Viti vikanywa, kuta zikanywa, sauti ya mwanawe ikafia njiani. Kuangalia viti kabla ya kupima ni somo la mwaka wa kwanza.

Alifikiria kunyamaza. Angeweza kupunguza magodoro kimyakimya na kuyaita marekebisho ya kawaida, nani angejua? Lakini Chiriku angezeeka akiamini koo lake ndilo bovu.

Akaenda ukumbini. Kwa kuwa alimwaibisha mtoto mbele za watu, hakumvuta mwongozaji pembeni.

"Mwalimu, huyu binti hana kosa. Nilipima viti vikiwa na nailoni. Ukumbi nimeuziba mimi."

Mwongozaji akavua miwani. "Mama, mimi nimemwita bubu siku nne."

"Na mimi nilikusaidia."

Mafundi wakapandisha ngazi. Hadi mchana wa siku ya pili dari lilikuwa wazi, na kuta zimebakiwa na nusu ya magodoro. Mwongozaji akamwita Chiriku ajaribu. Chiriku akafungua mdomo. Ukatoka mkwaruzo tu. Asubuhi ile daktari alikuwa amemwangalia koo na kumwamuru asiseme kwa wiki mbili, ila yeye alitaka kujaribu. Umalkia ukaenda kwa msichana mwingine.

Mama akamfuata nyuma ya pazia, akamwomba radhi bila kuzungukazunguka.

"Nilikwambia ukumbi ndio mbaya," Chiriku alinong'ona, kinyume cha amri ya daktari. "Uliamini kipimo."

Ijumaa mama alikaa safu ya mwisho. Malkia mpya hakupaza sauti hata kidogo, na kila neno lilifika safi. Waliokaa karibu wakamgeukia mama kumpongeza. Chiriku alikuja amechelewa, akaketi safu hiyohiyo, akaacha kiti kimoja wazi kati yake na mama yake.