Jina Ambalo Mama Patriki Hakulitaja

Mama Patriki alisimulia tena hadithi yote, kuanzia ng'ombe aliyepotea hadi mvua iliyofuta nyayo. Kwa mara nyingine akaruka jina moja.

Irene aliinua kalamu. Alikuwa anasomea saikolojia chuoni, na utafiti wake ulihusu kumbukumbu za wazee: anawasomea hadithi fupi, wanapumzika, kisha wanamsimulia yeye. Hadithi alizitunga mwenyewe nyumbani kwao Bashay, akaweka majina ya huku makusudi ili wazee wasiyaone mageni.

"Na mwenye ng'ombe aliitwa nani, mama?"

"Ni yule mzee."

"Jina lake?"

Mama Patriki alirekebisha bangili zake za shaba. "Mzee mwenye ng'ombe. Unataka maziwa?"

Nje ya boma, Patriki alikuwa anasubiri kando ya pikipiki. Mama yake aliwahi kusahau kufunga zizi la ndama, fisi wakaingia, na tangu siku hiyo ndugu zake wanasema akili ya mama inaondoka. Walikubaliana kwamba ikiwa kipimo cha Irene kitaonyesha ni kweli, mama atahamia kwa Patriki mjini Babati na ng'ombe wake watagawanywa. Mama alishawaambia kuwa Babati hatafika kwa miguu yake.

"Amefaulu?" Patriki aliuliza.

"Karibu kila kitu anacho. Ila jina la mwenye ng'ombe halipo kabisa."

"Jina gani?"

"Gidahosh."

Patriki alicheka mpaka akashika kiti cha pikipiki. "Dada Irene, hilo ni jina la babu yangu, baba wa baba. Kwetu mke hataji jina la baba mkwe mpaka anakufa."

"Kwa hiyo analikumbuka!"

"Au amelisahau, na mwiko unamsitiri." Kicheko kilikuwa kimeisha. "Ndugu zangu watasema hivyo."

Walikuwa na haki ya kusema. Irene aliizunguka pikipiki akiwaza. Kukumbuka si kutaja tu. Kuna pia kukitambua kitu kinapowekwa mbele yako.

"Twende ndani," alisema. "Ila usiseme neno, usikohoe, usimtazame mama usoni."

"Kupumua je?"

"Kidogo."

Akaketi mbele ya Mama Patriki. "Mama, safari hii nasimulia mimi. Nikikosea, inua mkono."

Alianza polepole. "Ng'ombe mweusi alipotea."

Mkono ukapanda. "Mwekundu."

"Mwekundu. Mwenyewe, mzee Margwe, akatoka nje."

"Siye."

"Akonaay?"

"Akonaay ndiye aliyeziona nyayo. Unachanganya."

"Basi, Gidahosh."

Mama Patriki alitazama chini, mikono ikiwa mapajani. "Endelea," alisema.

Irene aliandika, lakini hakutosheka. Huenda mama hakuinua mkono kwa heshima tu, aliposikia jina la mkwe. Akachukua hadithi nyingine aliyomsomea asubuhi, ya wezi wa mbuzi, ambayo jina hilo halikuwamo. Alipofika kwa mwizi akasema, "Ndipo akatokea Gidahosh."

Mkono ulipanda haraka kuliko mara zote, bangili zikagongana.

"Humu hayumo. Usimwingize mzee wa watu kwenye wizi."

Patriki aliyesahau masharti yote akaangua kicheko. Irene naye alishindwa kujizuia, akaandika huku akicheka. Ili kuliepuka jina hilo kila mara, na kumtetea mwenye jina, mama alikuwa akilishika kichwani muda wote.

Patriki tayari alikuwa na simu sikioni. "Kaka, mama habanduki hapa. Ndiyo, na ng'ombe wake. Kama hujaamini, njoo akupime wewe."

"Mwambie aje," alisema Mama Patriki. "Ana mbuzi wangu mmoja."

Irene alikuwa anafunua karatasi zake kwa pupa. Wanawake wengine wa uwandani nao walikuwa wamesikilizishwa hadithi hizo hizo, naye akawapa alama za chini kwa majina waliyoyaruka, bila kuwauliza wakwe zao ni akina nani.

"Patriki, kwa Mama Sara ni mbali?"

"Kwa pikipiki, si mbali."

"Twende sasa hivi."

"Kwanza unywe maziwa," alisema Mama Patriki, akamsukumia Irene kibuyu.