Inscribe Damari

Mume wangu Philbert ana ugonjwa mmoja: Kiingereza. Hata ukimtuma chumvi atakuitikia "yesi". Sasa mwaka ule wa sabini na tano, mama yake, Damari, alipotimiza mwaka kaburini, msalaba wa mbao ulikuwa umeshaliwa na mchwa na jina halisomeki. Baba mkwe wangu, mzee Saulo, akataka jiwe. Uzeeni huko alikuwa ameingia darasa la elimu ya watu wazima hapa Igowole kwa sababu moja tu: asome jina la mkewe mwenyewe, bila kumwomba mtu.

Philbert alikuwa karani Mbeya, basi akampelekea fundi wa mawe wa kulekule maelezo ya kazi. Angeandika "chonga", yangeisha. Thubutu! Akaandika "Inscribe", halafu jina la mama. Fundi naye Kiingereza hakijui, akachonga yote kama yalivyo.

Jiwe likaja kwa lori. Tukalisimika, mchungaji akaomba, kisha baba akasogea, akaweka kidole kwenye herufi na kuanza kusoma kwa silabi kama walivyofundishwa. I-n-skri-be. Da-ma-ri. Akarudia. Uso ukambadilika, nami nilishaelewa.

"Huyu Inskribe ni nani," akauliza, "hata amtangulie mke wangu?"

Mzee wa watu alidhani ni mwanamume. Miaka yote ile ya ndoa, leo anakuta jina la mtu asiyemjua kwenye kaburi la mkewe. Nilimhurumia mpaka machozi yakanilengalenga. Nikamfinya Philbert: haya, sema mwenyewe.

Akasema, kichwa chini. Si mtu, baba, ni kitendo. Wazungu wana neno lao la kuandika kwenye karatasi; hili ni la kuchimba maneno kwenye jiwe au chuma, yasitoke tena. Fundi alitakiwa kulitenda, si kulichonga. Akaahidi kulirudisha jiwe Mbeya likasuguliwe.

Kidole cha baba bado kilikuwa kwenye lile neno. Akamkatalia.

"Liache," akasema. "Na mimi nikifa mnitangulizie hilohilo mbele ya jina langu, watu wasije wakadhani mimi na Damari tuliachana."