Mwimo wa Mlango wa Jikoni

Wameupiga msasa! Nasema tena kwa kuwa hata leo siamini: wameupiga msasa, kisha wakapaka vanishi juu yake.

Jumba letu la makumbusho ni dogo, vyumba vya kuhesabu nyuma ya posta. Kila msimu huchagua familia moja na kuonyesha maisha yake. Safari hii ilikuwa zamu yetu. Walichukua pasi ya mkaa na redio ya marehemu baba. Mama akawaambia, "Ng'oeni na mwimo wa mlango wa jikoni. Historia yetu iko pale."

Hapo ndipo alipokuwa akitupima. Kila shule zikifunguliwa unasimama wima, visigino vimegusa mbao, naye anapiga mstari wa penseli usawa wa utosi wako. Mistari yangu ilipanda mpaka juu. Ya mdogo wangu, tuliyemwita Kitinda, iliishia katikati. Homa ilimchukua shule hazijafunguliwa tena. Hakuacha picha hata moja. Aliacha mistari ile tu, na mama hakupita na sufuria bila kuigusa.

Basi siku ya ufunguzi tukajipamba, tukaenda, mama ameshika mkono wangu maana siku hizi mgongo umempinda. Tukaukuta mwimo nyuma ya kamba, unang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mtupu! Hakuna mstari hata wa dawa.

"Mistari iko wapi?" nikamuuliza mkuu wa jumba.

"Ile michoro ya watoto?" Akatabasamu, masikini. "Fundi wetu ameisafisha. Utaratibu wetu ndio huo, mbao zote husafishwa kabla ya maonyesho."

Nilipandwa na mori. "Ala! Kwani ulikuwa uchafu? Masizi ya pasi mmeyaacha, eti ya kale, halafu mtoto wa watu ndiye mliyemfuta? Hamna hata mdomo wa kuuliza?"

Wageni wakageuka. Wacha wageuke!

"Dada, tafadhali, punguza sauti."

"Sipunguzi! Mrudishe kwanza mdogo wangu!"

Mama akainua kamba, akapita chini yake.

"Mama, hairuhusiwi kugusa," mkuu akasema, sauti imemnywea.

"Baba, niazime hiyo penseli."

Ilikuwa mfukoni mwa shati la mkuu. Akampa.

Mama akaweka kiganja ubavuni pake, akakishusha, akakipandisha, akatikisa kichwa. "Akinikumbatia, utosi wake ulikuwa unanifika hapa. Lakini nimeshapinda, mwili huu haupimi tena." Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyechukua urefu wangu. Njoo."

Nikapita chini ya kamba, nikauegemea mwimo, visigino vimegusa mbao kama zamani. Mama akapapasa mbavu zangu mojamoja, akitafuta mahali pa mwanawe. Mkuu alikuwa akiomba radhi, na mimi jibu lake lilikuwa limenijaa kooni, la kumvua nguo mbele ya wageni wake. Penseli ikagusa vanishi, ikateleza.

"Tulia, mwanangu," mama akasema. "Ukitetemeka hivyo kwa hasira, nitampunja mdogo wako."

Nikameza jibu langu, nikasimama wima.