Aliyeita Kutoka Gereza Bovu

Mimi Mwantumu mzimu hanitishi hata kidogo. Kinachonitisha ni mteja anayesikiliza huku amekunja mikono, na Jumamosi ile ndiye niliyempata. Alikuwa mwanamume wa Kibosho anaitwa Eliufoo, amekuja na mama yake, Bibi Elinipendo, mwembamba, fimbo mkono mmoja na mfuko wa kitambaa cheupe mkono wa pili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe unayewajua wafu wa humu?"

Nikamjibu nawajua wote, na sikudanganya sana. Gereza Bovu ndilo shamba langu. Wazungu walilijenga huku juu ya Moshi, kando ya njia ya kwenda Kibosho, wakaliacha, wenyewe tukalitumia kidogo, nasi tukaliacha. Mabati yakang'olewa, milango ikawa kuni, na habari zikaenea kwamba ndani kuna mtu anaita. Mimi hupandisha wageni na vijana wa mjini, tena mchana kweupe, nawapa hadithi mpaka wanashikana mikono, halafu wanashuka wanacheka kama waliotoka harusini. Naipenda kazi hii jamani, naipenda kuliko chakula. Ila Jumatatu greda lilikuwa linakuja kulibomoa, pajengwe soko. Kwa hiyo siku hiyo nilijiapiza kwamba hadithi ya mwisho nitaipiga mpaka kuta zitoe jasho.

Hata sijafungua mdomo vizuri, Eliufoo akanikata. "Dada, hatukuja kutishwa. Babu alifia humu. Mama anataka udongo wa chumba chake tukauzike nyumbani. Kaburi limeshachimbwa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, ukoo unatusubiri kesho baada ya misa."

"Chumba kipi?"

"Tungejua tungekuja kwako?"

Kajeuri haka, nikasema moyoni. Nikamwambia vyumba viko vingi, wachote popote, udongo ni udongo. Hapo bibi akanitazama mpaka nikatamani kuumeza ulimi wangu.

"Nikichota popote nitakuwa nimempeleka nani?" akasema. "Nimlaze mtoto wa watu kwenye migomba yetu, ndugu zangu wamlilie, halafu baba yangu abaki hapa apitiwe na greda?"

Basi damu ikanichemka. Miaka yote nimewatafutia watu mzimu wa kuwaogopesha, na leo kuna mtu anamtafuta wa kumrudisha nyumbani. Nikamshika bibi mkono, nikawaongoza moja kwa moja hadi chumba cha giza, kile cha mwisho kabisa, ambacho hakina hata dirisha. Kama kuna mtu alifia humu kwa uchungu, ni pale. Nilikuwa na uhakika kama ninavyolijua jina langu.

Nikawapa hadithi yenyewe. Nikawaambia kulikuwa na mfungwa aliyekuwa akichapwa kila alasiri, akawa analia, na hata baada ya kufa akaendelea kulia. Wanawake waliopita njia ya chini na mizigo ya majani ya ng'ombe walikuwa wakimsikia, wakatupa mizigo wakakimbia. Nikavuta pumzi, nikalia kama ninavyolia siku zote. "Mayeee! Mayeee!"

Eliufoo akaangalia saa yake. Lakini bibi alikuwa amesimama wima, fimbo haigusi chini.

"Nani alikwambia alilia hivyo?"

"Mzee mmoja aliyewahi kulinda hapa, bibi. Ameshafariki."

"Alisema mayee, au alisema mae?"

Nikafikiri. Yule mzee Mchagga alitamka kifupi tu, mae. Mimi mtoto wa Njoro, kule mjini, nyumbani kwetu Kiswahili tangu asubuhi mpaka usiku, Kichagga nakijua cha kushukuru na kununulia ndizi. Mtu yuko gerezani, anachapwa, atasema nini kama si mayee? Nikamrefushia kilio mwenyewe, nikaona nimekipendezesha.

"Alisema mae," nikajibu.

Bibi akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Eliufoo akaruka kumshika, bibi akamsukuma mkono.

"Mae ni mama," akaniambia taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Mimi nina jina la mama yake baba. Hakuwahi kuniita Elinipendo hata mara moja. Aliniita mae. Mae njoo, mae umekula?"

"Mama," Eliufoo akasema, "huku kwetu kila mwanamke anaitwa mae."

"Ndiyo. Ndiyo maana wote walikimbia. Kila aliyepita alijua ni yeye anayeitwa."

Nywele zilinisimama, nakwambia. Bibi akaendelea. Baba yake alifungwa kwa kumzaba kofi karani wa chifu, ugomvi wa mfongo, ule mfereji wa maji wa ukoo. Yeye alikuwa mdogo, hajaanza shule. Mama yake alikuwa akishuka tambarare kukata majani, anarudi naye kwa njia hii ya chini, na wakifika kwenye kona penye jabali sauti inaita, mae, mae. Yeye mtoto anageuka, haoni mtu. Sauti ilitokea nyuma yake, kwenye jabali.

"Mama akaniambia ni mzimu. Akaniambia usiitike, ukiitika unakuchukua. Ananivuta mkono tunapita mbio. Kumbe alijua. Mimi ningejua ni baba ningekaa pale nilie, na askari walikuwa wakiwachapa wanaosimama." Akagonga fimbo sakafuni. "Siku zote hizo alikuwa hai, mwanangu. Mzimu wenu alikuwa hai, anamwita mtoto wake, na mtoto anakimbia."

Nikachuchumaa kando yake kwenye vumbi.

Eliufoo ndiye aliyeshtuka wa kwanza. "Sauti ilitokea kwenye jabali," akasema, na sasa mikono hakuikunja tena. "Maana yake iligonga pale ikarudi. Si kila dirisha litafanya hivyo."

Nikamalizia wazo lake papo hapo. "Mshushe mama mpaka kwenye kona. Mimi nitaita chumba kwa chumba. Atatambua mwenyewe."

Wakashuka. Mimi nikakimbia kama mtoto aliyesikia kengele ya kutoka, nikaruka kifusi, gauni likanaswa na msumari likachanika, sikujali. Chumba cha kwanza upande wa njia nikapandia tofali nikashika nondo za dirisha. Niliwaona chini, wadogo kati ya migomba. Nikaita, "Mae!"

"Bado!" Eliufoo akapaza sauti.

Cha pili, bado. Kilichofuata kilikuwa kimejaa popo, nikaita hivyo hivyo huku wananipiga mbawa usoni, bado. Kila nikihama nilizidi kuogopa, maana vyumba vilikuwa vinaelekea kwisha, na kama hakuna hata kimoja, yule bibi atarudi Kibosho na mfuko mtupu kwenye kaburi lililo wazi.

Nikaingia kingine. Hakikuwa na lolote la kutisha, chumba kidogo tu, jua limeingia mpaka ukutani, na mti wa mpera umeota kwenye kona. Miaka yote nilikuwa nawapitisha watu nje yake bila hata kukitaja. Nikashika nondo. Safari hii sikupiga kelele. Niliita kama mtu anayemwita mtoto wake akale.

"Mae."

Eliufoo hakujibu. Bibi alikuwa ameligeukia jabali, amenipa mgongo mimi na gereza lote. Akainua uso.

"Abee, baba," akaitika. "Abee. Nipo."

Machozi yalinitoka bila hodi. Eliufoo akaanza kupanda mbio na mfuko mweupe mkononi, nikamfanyia ishara kupitia nondo asimame. Bibi alikuwa bado anaongea na jabali, kwa Kichagga, haraka haraka, anaonyesha kwa fimbo juu kuelekea nyumbani. Nikapiga magoti nikaanza kulegeza udongo kwa vidole, polepole, ili bibi asiharakishwe.