Kivuli Changu Kimetangulia Komoro

Usiku wa kuamkia leo niliota nakwenda Komoro kwa bei nafuu.

Safari yenyewe ilikuwa ya kweli, na ushauri wake wote niliutafuta mimi mwenyewe, kwa ajili yangu na Hidaya, rafiki yangu tangu chuoni, ninayeishi naye chumba kimoja hapa Tanga. Sasa Hidaya alikuwa anaondoka asubuhi na Saumu, mwenzake wa kazini, mtu wa kuja juzi tu. Walinikaribisha. Nikasema, "Nendeni tu, mimi nitalinda nyumba." Kisha nikalala nimeugeukia ukuta.

Ndotoni, begi langu linanizuia mlangoni.

"Beba mzigo mwepesi," linasema. "Si ushauri wako huo?"

Natoa kanga. Natoa kitana. Begi halisogei.

"Na hicho ulichokumbatia?"

"Sijakumbatia kitu."

"Kina uzito wa kinu, dada. Na kinanung'unika jina la Saumu."

Naangalia kifuani. Kweli ni kinu. Nakifunika kwa kanga, napita.

Nikatokea Komoro bila kupanda chombo. Nilikuwa nimeshauri twende msimu wa wageni wachache, maana ndio wenye nafuu. Kwa hiyo bahari ilikuwa imekunjwa kama mkeka na kuegemezwa ukutani, na mama mmoja alikuwa anafagia pale ilipokuwa.

"Shikamoo, mama. Bahari itatandikwa lini?"

"Marahaba. Wageni wakija. Tukiiacha wazi inaliwa na panya."

"Mimi ni mgeni."

"Wewe umekuja kuchungulia watu," akasema, akaendelea kufagia.

Mara niko mbele ya dirisha la uhamiaji. Afisa ni kaa mkubwa wa minazini, amevaa miwani. Hidaya na Saumu wamenitangulia kwenye foleni. Wanacheka kile kicheko cha kuegemeana ambacho Hidaya alikuwa anacheka na mimi.

"Wasafiri wakichangia, gharama hupungua," anasema kaa. "Ninyi mnachangia nini?"

"Kivuli," anajibu Saumu.

Ni kweli. Chini yao kuna kivuli kimoja tu, na wote wawili wamesimama juu yake kama watu waliopanga chumba. Natamani kipungue upande mmoja, na upande huo uwe wa Saumu.

Kisha naona kivuli nacho kinacheka. Kinapocheka, kinaziba mdomo kwa kiganja. Hivyo ndivyo ninavyocheka mimi. Natazama miguuni pangu. Mchanga mtupu.

Hapo ndipo wivu uliponishika hasa, na Saumu nikamsahau. Kivuli changu kilikuwa kimefika Komoro, kimelala katikati ya watu, kinafurahi bila mimi.

"Hiki cha nani?" anauliza kaa. "Mwenyewe aseme. Asiposema, nakigongea mhuri kibaki huku moja kwa moja."

Nafungua mdomo niseme ni changu.

"Nendeni tu," nasema.

"Sijasikia."

"Mimi nitalinda nyumba."

Kaa ananyanyua mhuri. Hidaya ananigeukia.

"Shoga, kila mwaka unalinda nyumba. Ina nini nyumba hiyo?"

Kinu kikaniponyoka, kikaniangukia kidole gumba cha mguu.

"Nami naenda," nikasema, zaidi kwa maumivu kuliko kwa ujasiri.

Nikaamka. Hidaya alikuwa anafunga begi. Saumu alikuwa amekaa kwenye kitanda changu, upande wa miguuni, anakunywa chai.

"Umesema nini?" Hidaya akauliza.

Ikabidi niseme tena, safari hii nikiwa macho, na kulisema ukiwa macho ndiyo kazi.

"Nami naenda."

Wakatazamana.

"Si unalinda nyumba wewe?" akasema Saumu.

"Nyumba ina mlango."

"Basi utakaa katikati. Mimi chomboni natapika, lazima nikae pembeni."

"Na uvae haraka," akasema Hidaya, tayari ananitafutia viatu chini ya kitanda. "Nimechoka kukubembeleza."

Nikasimama dirishani nivae. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Kivuli changu kilikuwa ukutani, mahali pake, kimetulia kama mtu aliyechoka. Mabegani kilikuwa kinabambuka kwa kuungua jua.