Safu ya Tatu ya Christa

Mwaka 2000 kila mzazi wa Bwiza, mtaa wetu wa Bujumbura, aligundua ghafla kwamba mtoto wake anahitaji Kiingereza. Wakubwa wa Burundi walikuwa wakienda Arusha kuzungumzia amani, wakirudi, wakienda tena, na watu wakaamua kwamba amani ikija itakuja kwa lugha hiyo. Sikubishana nao. Nilikuwa mkimbizi wa Bukavu, Kongo, niliyesoma miaka minne Kampala, na kazi nyingine sikuwa nayo. Parokia ilinipa chumba nyuma ya kanisa, mabenchi sita na ubao uliopasuka.

Wanafunzi walikuwa ishirini na wawili, wa miaka tisa hadi kumi na miwili. Hawakuwa wavivu. Shida ni kwamba shuleni walikuwa wamefundishwa kumeza. Ukiwapa ukurasa kuhusu nyuki, kesho yake wanakutapikia ukurasa mzima bila kuacha koma, halafu ukiuliza nyuki anaishi wapi, wanatazamana. Hilo lilinikera kuliko risasi za upande wa mtaa wa Kamenge. Risasi zilikuwa na saa zake. Kukariri kulikuwa kwa kutwa nzima.

Kwa hiyo hadithi nilizipiga marufuku. Tulisoma maandishi ya mambo ya kweli tu: karatasi za dawa, makopo ya maziwa, kalenda, kijitabu cha kufuga sungura nilichotoka nacho Kampala. Tazama kichwa cha habari kwanza, niliwaambia. Tazama picha na maneno madogo yaliyo chini yake. Usianze juu ukateremka neno kwa neno kama mtu anayesali rozari. Tafuta unachotaka, kichukue, uondoke. Kisha jaza safu tatu: ninachojua tayari, ninachotaka kujua, nilichokipata. Safu ya tatu niliisimamia kwa ukali. Humo haiingii dhana wala huruma, linaingia lililoandikwa.

Ijumaa moja, mwisho wa mwezi wa tatu, niliwapa kazi ya nyumbani. Kila mmoja atafute mtaani kwake maandishi ya Kiingereza, ayasome, ajaze safu zake. Jumatatu wakaleta maboksi ya sabuni na gunia moja la sukari. Christa, msichana wa miaka kumi na mmoja, binti wa Pascaline muuza vitenge, hakuleta kitu mkononi. Yeye alikuwa amejaza daftari tu. Nilisahihisha madaftari yote ishirini na mawili kwa robo saa, watoto wakicheza nje. La Christa lilikuwa safi kuliko yote, safu zimenyooka, vichwa vimepigiwa mstari. Nikaweka alama nyekundu, nikaandika "Vizuri sana", na Jumanne nikawarudishia.

Ijumaa iliyofuata, tarehe saba, baada ya masomo, mama mmoja, Léocadie, alinijia akiwa na furaha na wasiwasi kwa pamoja. Yeye na kina Christa walikaa ua mmoja. Mumewe, Sylvère, alikuwa amekimbia Kamenge mwaka wa tisini na tano hadi kambini Tanzania. Léocadie alibaki kumuuguza mama yake, na hata baada ya kumzika hakupata njia ya kumfuata. Mwisho wa juma lililopita mtu aliyetoka kambini alikuwa amemwachia bahasha kwa jirani, akaondoka bila kunywa hata maji. Ndani mlikuwa na karatasi ya hospitali ya kambi, imepigwa taipu kwa Kiingereza.

"Mwalimu, nakuja kushukuru," alisema. "Ule mutoto Christa alinisomea karatasi. Anasema bwana yangu iko mugonjwa sana ku hopitali. Kama si masomo yako, mi ningejua namna gani? Kesho asubui napanda bisi."

"Basi la wapi?"

"La Rumonge, kisha Mabanda, kisha mpaka. Kule nitauliza njia."

Barabara ya Rumonge wakati ule mtu hakuipita kwa starehe. Asubuhi mabasi yalingoja wanajeshi watangulie, na hata hivyo si yote yaliyofika. Nilimwambia hivyo.

"Iko mugonjwa, Mwalimu. Nani atamupikia?"

Alikuwa ameshaandaa unga, ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa vizuri, na shati la Sylvère alilolitunza miaka mitano. Alinishukuru tena, akaenda zake. Na mimi, nisifiche, kichwa kilinivimba. Miezi mitatu nilikuwa nimewaambia wazazi kwamba kusoma namna hii kuna faida, na sasa faida yenyewe ilikuwa imenifuata kwa miguu. Nikaamua kumwonyesha padri daftari la Christa.

Mwisho wa wiki, kama hapakuwa na kazi ya nyumbani, madaftari tuliyafungia kwenye kabati la parokia, maana yakibaki nyumbani huwashiwa moto. Nikalitoa lake, nikafungua ukurasa wa kazi ile, na kwa mara ya kwanza nikausoma.

Safu ya kwanza: Sylvère ni mume wa jirani yetu, yuko kambini. Safu ya pili: anaendeleaje? Safu ya tatu ilikuwa na mistari minne, Kiingereza kizuri kuliko cha darasa zima. Jina la mgonjwa. Ugonjwa, kuhara damu. Amefariki tarehe 14 mwezi wa tatu. Amezikwa makaburi ya kambi, mstari wa tisa. Chini yake ilikaa alama yangu nyekundu, nene, pamoja na "Vizuri sana" yangu.

Nilikaa kwenye benchi la watoto. Niliona aibu ambayo sijaiona tena tangu siku ile, na nimeishi mengi.

Nilimkuta Christa kwenye bomba la ua wao, anakinga maji. Hakushtuka kuniona. Alionekana kama mtu ambaye mgeni wake amechelewa lakini amefika.

"Umeandika kwamba amekufa," nilimwambia kwa sauti ya chini. "Kwa nini Léocadie ulimwambia ni mgonjwa?"

"Mi niko mutoto, Mwalimu. Mutoto anaweza ambia mutu mukubwa bwana yake amekufa? Nilisema iko mugonjwa, vile bakubwa banasemaka. Kisha nikaandika ku kaye ya masomo, nikakupa we."

"Mimi?"

"We ni mukubwa. Uliweka alama. Nikajua umesoma. Tangu siku ya pili, siku uliturudishia kaye, nangoja mukuje."

"Na mama yako hukumwambia?"

"Apana. Mama angelia, na Léocadie angesikia ku ukuta."

Lazima nieleze, kwa sababu mtoto hakukosea hata kidogo. Bukavu na Bujumbura, mwanamke hapigwi na habari ya msiba akiwa peke yake. Kwanza anaambiwa mumewe mgonjwa. Aliyesema hivyo anawahi kuwapa wakubwa ukweli, nao wanajipanga, wanafika pamoja, wanakaa, na mwenyewe anaanza kuelewa huku amezungukwa na watu. Ule ugonjwa wa kusingizia ni wa saa chache, ukizidi sana siku moja. Christa alikuwa amefanya sehemu yake yote. Aliufikisha ukweli kwa mkubwa aliyemwamini, mkubwa akauwekea alama nyekundu, na ugonjwa wa kusingizia ukaendelea juma zima mpaka ukakata tiketi ya basi.

Saa ya amri ya kutotembea usiku ilikuwa inakaribia. Nilimsubiri Pascaline arudi kutoka sokoni, nikamwambia, akaziba mdomo kwa kitenge chake asisikike. Tukamwita Huseni, fundi wa baiskeli wa nyumba ya jirani, mtu mzima anayeheshimiwa na ua mzima. Huseni akabeba benchi lake begani, tukavuka uwanja watu watatu.

Léocadie alikuwa anafunga mfuko wake mlangoni. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akalitazama benchi. Hakuna mtu anayekwenda kumtakia jirani safari njema na benchi lake mwenyewe. Mikono yake ikaacha kufunga.

"Mama Léocadie," nilianza, kama inavyopasa, "tumesikia kwamba hali ya Sylvère imekuwa..."

"Lini?" aliuliza.

Nikamwambia tarehe. Akakaa chini palepale kizingitini, Pascaline akakaa naye na kumshika mabega. Hakulia. Alikuwa anahesabu siku, midomo inacheza. Kisha akaniuliza kama karatasi ilisema hivyo tangu mwanzo, na nikamjibu kwamba ndiyo. Nikamwambia pia kwamba Christa aliyaandika yote, kwamba Jumatatu yalipita mkononi mwangu, kwamba nilikuwa nimeyapa alama bila kuyasoma. Niliyasema mbele ya Pascaline na Huseni, neno kwa neno. Huseni aliinamisha kichwa. Léocadie hakunitazama tena jioni ile, na sikustahili atazame.

"Christa iko wapi?" aliuliza.

Christa alikuwa amesimama kwenye bomba, ndoo imejaa inamwagika miguuni pake.

"Kila jioni tulichambua ndagala pamoja," Léocadie alimwambia. "Uliniuliza kama Sylvère anapenda chumvi mingi."

"Ego," Christa aliitika kwa Kirundi.

"Na ulikuwa unajua."

"Ego."

Nilidhani atamgombeza, na nilikuwa tayari kusema kosa ni langu.

"Kuja hapa, mwana wangu," alisema. "Watu wamefika. Sasa unaweza lia."

Christa akaacha ndoo, akaja, akaanguka mapajani mwake, akalia juma zima lile kwa mara moja, kwa sauti iliyowatoa watu wa ua wote majumbani. Pascaline alitaka kumwondoa, kwa kuwa si desturi mtoto kutangulia kulia mbele ya mfiwa. Léocadie akamzuia kwa mkono. Alimshika Christa kichwa mpaka akanyamaza, ndipo na yeye akaanza.